FRIEDRICH MIESCHER: ALIYEPATA HAZINA KATIKA USAHA

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na walimu wetu wapendwa, kila mwaka jarida letu hutenga kurasa kadhaa za maisha ya watu mashuhuri. Tumekwisha soma habari za wapigania uhuru, washairi wa pwani, wanariadha na hata marais. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya mtu ambaye hakushika bunduki, hakutunga shairi, wala hakukimbia mbio zozote. Yeye aliosha bandeji chafu za hospitali. Katika uchafu huo akapata kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mwilini, kuanzia mwalimu mkuu hadi yule mtoto wa kidato cha kwanza anayesinzia nyuma ya darasa. Hata samaki wa ziwani anacho. Leo kitu hicho twakiita DNA, pamoja na nduguye aitwaye RNA.

Ninayo sababu ya pili. Wako wenzetu ambao wakisikia Bayolojia inazungumzwa kwa Kiswahili hucheka, ati lugha hii ni ya mashairi na methali tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu ninayemwandikia hapa alikuwa mwanasayansi, lakini jambo kubwa kuliko yote aliyoyatenda lilikuwa pia jambo la lugha. Alikutana na kitu kisichokuwa na jina, akakataa kukipa jina la kitu kingine. Hebu twendeni polepole, mtanielewa.

Kuzaliwa na malezi yake

Johannes Friedrich Miescher alizaliwa tarehe 13 Agosti 1844 mjini Basel, nchini Uswisi. Mji huo umejengwa kando ya Mto Rhine, karibu na mahali ambapo leo mipaka ya Uswisi, Ufaransa na Ujerumani inakutana. Tafadhalini ukumbukeni mto huo, maana tutaurudia. Baba yake alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu. Mjomba wake, yaani ndugu wa mama yake, alikuwa Wilhelm His, mtaalamu mkubwa wa elimu ya viungo vya mwili. Mjomba huyu alimzidi umri kwa miaka 13 tu, kwa hiyo akawa kwake mjomba, mwalimu na kaka mkubwa kwa wakati mmoja. Hadi mwisho wa maisha yake, Miescher alipopata jambo jipya alimwandikia mjomba barua kumweleza.

Lakini msidhani mambo yalikuwa mteremko kwa sababu alitoka katika nyumba ya wasomi. Kijana huyu hakusikia vizuri. Tena alikuwa mkimya na mwenye haya. Alisomea udaktari huko Basel, akahitimu mwaka 1868. Sasa fikirieni: daktari wa siku hizo alitegemea sana masikio yake. Hakukuwa na eksirei wala mashine za kupima hiki na kile. Mgonjwa akija, daktari aliinama akasikiliza moyo unavyopiga na mapafu yanavyovuta hewa. Mtu asiyesikia vizuri angefanyaje kazi hiyo? Jambo hili lilimtia Miescher wasiwasi. Mjomba His akamwelekeza upande mwingine, kwenye kemia ya mwili. His aliamini kwamba maswali magumu kuhusu viumbe yangejibiwa na kemia. Basi mlango mmoja ukafungwa, mwingine ukafunguka, na huo wa pili ndio uliomtoa.

Jikoni mwa kasri

Mwaka huohuo wa 1868 alifunga safari hadi mji wa Tübingen, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alikwenda kufanya kazi na Felix Hoppe-Seyler, bingwa wa kemia ya mwili, yule aliyetoa jina la himoglobini mnamo 1864. Maabara yenyewe yalikuwa wapi? Yalikuwa ndani ya kasri kuukuu lililojengwa juu ya kilima, na chumba alichofanyia kazi Miescher kilikuwa zamani jiko la kasri hilo. Naam, jikoni! Mahali ambapo wapishi wa wakubwa walikuwa wakikoroga mchuzi, kijana huyu alipanga chupa zake na kuanza kazi.

Wenzangu, sisi ni wa shule ya kutwa. Tunajua maana ya kugawana darubini moja watu kumi na wawili, na kusubiri zamu ya kushika mrija wa kioo mpaka kengele inalia. Wengi wetu husema ya kwamba sayansi ni ya shule kubwa za bweni zenye maabara ya kung'aa. Sitaki kudanganya kwamba vifaa si kitu. Vifaa ni kitu sana. Ila jiko lile la Tübingen linanifanya nisikubali kwamba vifaa ndivyo kila kitu.

Miescher alitaka kujua seli imetengenezwa kwa vitu gani. Aliamua kuchunguza chembechembe nyeupe za damu kwa sababu zilionekana kuwa seli sahili, zisizo na mambo mengi. Kwanza alijaribu kuzitoa katika matezi ya mwili, lakini alipata kidogo mno. Ndipo akakumbuka hospitali ya upasuaji iliyokuwa karibu. Siku hizo dawa za kuua viini vya magonjwa hazikuwa zimeenea, na vidonda vya wagonjwa vilitunga usaha mwingi. Bandeji zilizotoka kwenye vidonda hivyo zilikuwa za kutupwa. Miescher akaziomba.

Najua kuna atakayeukunja uso hapa. Mimi pia niliukunja niliposoma mara ya kwanza. Lakini usaha ni nini? Sehemu kubwa ya usaha ni zile chembechembe nyeupe za damu, hasa zilizokufa zikipigana na viini vya ugonjwa. Ni kama mizoga ya askari waliobaki kwenye uwanja wa vita. Miescher mwenyewe hakulijua jambo hilo mwaka 1869. Ilikuwa mpaka 1882 ndipo mwanasayansi Élie Metchnikoff, akiwa huko Messina nchini Italia, alipoona katika viluwiluwi vya kiti cha pweza seli zikiukusanyikia mwiba uliochomwa ndani yao, akang'amua kwamba baadhi ya seli kazi yake ni kuwameza maadui. Kwa hiyo Miescher alikuwa akiifungua miili ya askari bila ya kujua kwamba ni askari.

Kitu kisicho na jina

Sasa sikilizeni jinsi alivyofanya kazi. Kila bandeji aliikagua kwanza. Usaha ulioanza kuoza aliujua kwa harufu na kwa darubini, akautupa. Uliobaki aliuosha kwa maji yenye chumvi ya sodiamu salfeti ili seli zitoke nzimanzima. Halafu akaondoa mafuta kwa kutumia alkoholi na etha. Baada ya hapo alichukua tumbo la nguruwe, akatengeneza kutokana nalo maji yenye pepsini, ile kemikali inayosaga protini tumboni mwetu, akaichanganya na asidi haidrokloriki. Protini za seli zikasagika. Kilichobaki chini ya chupa kilikuwa viini vya seli, kama unga wa kijivu.

Unga huo alipoutia katika maji yenye magadi kidogo, magadi ya aina hiihii tunayoijua sisi, kitu fulani kiliyeyuka. Alipoongeza asidi, kikaganda tena na kuonekana kama nyuzinyuzi nyeupe. Akatia magadi, kikayeyuka. Akatia asidi, kikaganda. Kilikuwa kitu gani?

Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Wakati ule wataalamu waliona kwamba vitu vya maana vya seli ni protini. Ingekuwa rahisi sana kwa kijana mgeni kusema kwamba amepata protini ya aina nyingine, akaandika ripoti yake na kwenda zake kulala. Nani angembishia? Lakini Miescher alipima. Aliona kitu hiki hakisagwi na pepsini kama protini. Alikichoma akapima elementi zilizomo, akakuta kina fosforasi nyingi kuliko alivyotazamia, na salfa ambayo hupatikana katika protini hakuiona. Kama hakina tabia za protini, basi si protini. Na kama si protini, wala si mafuta, wala si wanga, basi hakina jina katika vitabu vyote vya dunia.

Akakipa jina jipya, nukleini, kwa kuwa alikitoa katika kiini cha seli. Kiini kwa Kilatini ni nukleusi, neno lenye maana ya kokwa ya tunda. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunapaswa kulifikiria sana tendo hilo. Kukiita kitu kigeni kwa jina la zamani ni njia moja ya kukificha. Watu wakikisikia hudhani wanakijua, na hakuna atakayeuliza tena. Jina jipya lilikuwa kama kibao kilichosimikwa njiani kuwaambia wapitao kwamba hapa pana jambo ambalo halijachunguzwa. Kama angeandika protini, pengine wangepita miaka mingi zaidi kabla ya mtu kusimama pale.

Mwalimu asiyeamini upesi

Hayo yalikuwa mwaka 1869. Miescher alikuwa na umri wa miaka 25 hivi, umri ambao kila mtu hutaka jina lake lisikike. Aliandika makala yake, akampelekea Hoppe-Seyler ili aichapishe. Mwalimu akaisoma, akatikisa kichwa. Madai yalikuwa mazito mno. Kitu kipya ndani ya kiini cha kila seli? Akasema moyoni kwamba hatachapa mpaka ahakikishe kwa mikono yake mwenyewe. Akaanza kuyarudia majaribio yote tangu mwanzo. Juu ya hayo, vita kati ya Wafaransa na Wajerumani vikazuka mwaka 1870. Makala ilikuja kuchapishwa mwaka 1871, pamoja na ripoti ya mwalimu iliyothibitisha kwamba mwanafunzi wake alisema kweli.

Nimelizungumza jambo hili na wenzangu darasani, na tukagawanyika. Wako wanaosema mwalimu alimwonea, kwani katika muda huo mtu mwingine angeweza kukigundua kitu hicho na kumpokonya heshima. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na bila shaka Miescher mwenyewe alisubiri roho juu. Hata hivyo, mimi nasimama upande wa mwalimu. Makala ile ilipotoka, ilitoka na mashahidi wawili. Jambo kubwa kama hilo likitoka kwa mdomo mmoja tu wa kijana asiyejulikana, ni rahisi kulitupa. Mwalimu akikusahihisha kwa ukali, mara nyingine anakujengea ukuta wa kukukinga. Wenzangu wanaolalamika kila insha inaporudishwa na wino mwekundu, nadhani mnanisikia.

Samaki wa Mto Rhine

Mwaka 1872 Miescher aliteuliwa kuwa profesa wa fiziolojia kwao Basel, akiwa na miaka 28 tu. Walikuwepo walionung'unika kwamba amebebwa na jina la baba na mjomba, kwa kuwa wote wawili waliwahi kushika kazi katika chuo hicho. Yeye hakujibu kwa maneno. Vyumba alivyopewa vilikuwa vibaya na vifaa vilikuwa haba. Hakukuwa tena na hospitali ya kumpa usaha wa kutosha. Afanyeje?

Ndipo ule mto ukamsaidia. Enzi hizo samaki aina ya salmoni walikuwa wengi katika Mto Rhine. Samaki hawa hukulia baharini, na wakati wa kuzaa ufikapo huupanda mto kurudi katika maji baridi. Kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Basel ni zaidi ya kilomita 800. Wavuvi wa Basel waliwangoja na nyavu zao. Miescher aliona kwamba dume la salmoni hubeba mbegu nyingi sana, na kichwa cha mbegu ya kiume ni karibu kiini kitupu. Yaani kile alichokitafuta kwa taabu katika usaha, hapa kilikuwa tele, tena kisafi zaidi.

Tatizo lilikuwa moja: nukleini huharibika upesi penye joto. Kwa hiyo aliifanya kazi hiyo majira ya baridi. Alidamka alfajiri, akachukua samaki wake, akaingia katika chumba kisichowashwa moto, madirisha wazi, baridi ya Ulaya ikipuliza. Sisi hapa baridi ya Julai ikituuma kidogo tu twavaa sweta mbili na kulia. Yeye alikaa humo saa nyingi, siku baada ya siku. Inasimuliwa hata kwamba siku ya harusi yake ilibidi watu waende kumtoa maabarani, maana alikuwa amesahau saa. Sijui bibi harusi alimkaribisha kwa uso wa namna gani!

Mwaka 1874 alichapisha matokeo yake kuhusu nukleini katika mbegu za salmoni na za wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Alionyesha kwamba ni asidi, na kwamba katika mbegu za samaki imeshikana na kitu kingine chenye tabia ya magadi, ambacho alikiita protamini. Pia aligundua jambo la ajabu kuhusu salmoni mwenyewe. Samaki huyu akishaingia mtoni hali tena chakula. Misuli yake huyeyuka polepole, na vitu vilivyomo ndivyo vinavyotumika kutengeneza mayai au mbegu. Mzazi anajila ili watoto wapate kuwako.

Alipita mlangoni

Sasa nafika mahali panaponisikitisha. Katika maandishi yake ya 1874, Miescher alijiuliza ni kitu gani katika mbegu ya kiume kinacholifanya yai lianze kuwa kiumbe. Akasema kwamba kama ni kitu kimoja cha kikemia, basi wa kwanza kufikiriwa ni nukleini. Lo! Alikuwa mkono juu ya komeo. Lakini akarudi nyuma. Hakuweza kuamini kwamba kitu kimoja, kinachofanana sana katika wanyama mbalimbali, kingeweza kuwafanya wawe tofauti. Akaona afadhali kutafuta maelezo mengine.

Baadaye majukumu yalimsonga. Alitakiwa kushauri juu ya chakula cha wafungwa mjini Basel. Alisimamia kituo kipya cha anatomia na fiziolojia kilichofunguliwa mwaka 1885. Alionyesha pia kwamba kinachotuhimiza tuvute pumzi zaidi ni kuongezeka kwa hewa ya kaboni dioksidi katika damu, wala si kupungua kwa oksijeni. Alikuwa akilala kidogo na kupumzika kidogo zaidi. Hatimaye kifua kikuu kikamwingia. Alipelekwa Davos, mji wa milimani ambako wagonjwa wa kifua walipelekwa kwa ajili ya hewa safi. Akiwa huko alijaribu kuyakusanya maandishi yake juu ya nukleini, lakini nguvu zilimwishia. Alifariki tarehe 26 Agosti 1895, siku kumi na tatu tu baada ya kutimiza miaka 51.

Mjomba His, aliyemwongoza tangu ujana, ndiye aliyesaidia kukusanya na kuchapisha maandishi ya mpwa wake mwaka 1897. Alitabiri kwamba heshima ya Miescher itakua kadiri miaka inavyopita. Mjomba hakukosea.

Mbegu yaota

Mwaka 1889, Miescher akiwa bado hai, Richard Altmann aliisafisha nukleini akaiita asidi nukleiki. Albrecht Kossel alizichambua sehemu zake, na mwaka 1910 akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake nchini Marekani walionyesha kwa bakteria kwamba DNA ndiyo ibebayo tabia za urithi. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha na vipimo vya Rosalind Franklin na Maurice Wilkins, walieleza umbo lake la ngazi iliyosokotwa. Lile jambo ambalo Miescher hakuweza kuliamini likaelezeka: kitu ni kimoja, lakini kimeandikwa kwa herufi nne zinazopangwa kwa mipangilio isiyohesabika. Si mnajua kwamba kwa alfabeti ileile mtu huandika wosia, mwingine barua ya mapenzi, na mwingine orodha ya sokoni?

DNA ni kama faili kuu iliyofungiwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Haitoki. Panapohitajika agizo, hutolewa nakala, na nakala hiyo ni RNA. Hupelekwa nje ya kiini, ikasomwa, na protini ikatengenezwa. Kwa muda mrefu watu walidhani RNA ni tarishi tu. Kumbe kuna RNA nyingine ndogondogo, zenye urefu wa herufi kama 22, ambazo hazitengenezi protini yoyote. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliieleza ya kwanza mwaka 1993 katika mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja hivi. Wengi wakadhani ni kituko cha mnyoo huyo peke yake. Mwaka 2000 ndugu yake mmoja akaonekana katika wanyama wa aina nyingi, wakiwamo binadamu na samaki. Mabingwa hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Kazi ya RNA hizo ndogo ni nini? Chukueni mfano wa kengele ya shule. Moto ukitokea, kengele ni lazima ilie ili watu wakimbie kuuzima. Lakini ikiendelea kulia wiki nzima, shule yenyewe itaharibika, na hakuna atakayesoma. Samaki akiingiwa na bakteria au virusi, seli zake hupiga kengele, askari weupe hukusanyika, na mwili huwaka. Kengele isipolia, samaki hufa kwa ugonjwa. Ikizidi, samaki huumizwa na kinga yake mwenyewe. RNA ndogo hujibandika kwenye nakala za maagizo ya kengele, ili zisisomwe sana. Ziko kama kiranja anayeshika kamba na kuituliza. Katika samaki mdogo mwenye mistari kama ya pundamilia, anayefugwa sana maabarani, RNA ndogo iliyopewa nambari 146 imeonekana ikiongezeka anapoambukizwa bakteria. Huko China nako, watafiti wa samaki wa baharini wameonyesha kwamba virusi vingine ni vijanja. Huifanya seli itoe RNA ndogo kwa wingi, kengele ikanyamaza mapema, na mwizi akapata nafasi ya kuiba.

Msione haya ni mambo ya mbali. Mwaka 2014 wanasayansi walieleza kirusi kipya kinachoua ngege, kilichogunduliwa nchini Israeli. Kirusi hicho hubeba maagizo yake katika RNA. Mwaka 2018 ikachapishwa kwamba kimepatikana katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania. Ziwa hilo ni moja, na samaki hana pasipoti. Watu wangapi hula, huvaa na kulipa karo kwa sababu ya samaki wa ziwa lile? Tukijua ni nani anayeshika kamba ya kengele mwilini mwa samaki, tutakaribia kujua jinsi ya kumkinga. Salmoni wa Kanada wameshaonja faida ya elimu hii, kwani mwaka 2005 nchi hiyo iliidhinisha chanjo ya salmoni iliyotengenezwa kwa DNA yenyewe. Kile alichokitoa Miescher katika salmoni kikarudishwa kwa salmoni kikiwa kinga.

Tamati

Miescher alianza na seli za kinga katika usaha, kisha akaenda kwa samaki. Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, wataalamu wanachunguza seli za kinga za samaki, na wanachokitafuta humo ni jamaa wa nukleini yake. Hakuyaona hayo. Hakuijua kazi ya kitu alichokigundua, na alikufa bila kujua. Wengine watamhesabu kuwa ni mtu aliyekosa bahati. Mimi namhesabu kuwa mtu aliyemaliza zamu yake vizuri. Aliosha, akapima, akakataa kudanganya kuhusu jina, kisha akawaachia wengine.

Basi, wanafunzi wenzangu, mtihani wa kitaifa tunao mwaka ujao, na baadhi yetu tumeanza kusema kwamba Bayolojia au Kiswahili hakitatufikisha popote. Nani anajua? Ukikutana na jambo usilolielewa, katika kitabu au katika chupa, usilipachike jina la haraka ili upate kulala. Liulize tena. Na walimu wetu, mkiona mwanafunzi mkimya aliyekaa mbele kwa kuwa hasikii vizuri, tafadhalini mtazameni mara mbili. Mungu awabariki nyote, tukutane mwakani katika jarida letu.